Dawa Iliyoshindwa na Dawa Iliyokosekana



Mwezi uliopita nilikuwa nimejibanza kwenye kibaraza cha duka, karibu na stendi ya Ifakara, nikisubiri mvua ikatike. Mama mmoja akanijia, amemshika mkono mwanawe wa kiume, mtoto wa miaka minane hivi. Tukasalimiana. Akaniuliza kama ndiye mimi anayenisikia redioni, nikamwambia ndiye. Basi akafungua fundo la khanga yake akatoa kichupa, kile cha dawa ya kikohozi ya watoto, karatasi yake imebanduliwa. Ndani mna mafuta mazito yenye rangi ya mboga iliyoungulia sufuriani. Akasema kwa sauti ya chini: "Kaka, wewe unasoma mambo. Hiki nimeuziwa shilingi 40,000. Wanasema ni mafuta ya bangi, yanaponya kifafa cha watoto. Ni kweli?"

Nikafungua kifuniko nikanusa. Harufu ya majani makavu, na nyuma yake harufu ya mafuta ya alizeti yaliyokwisha kukaangiwa. Mtoto alikuwa ananitazama. Mkono wake wa kushoto, kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko, una kovu la moto. Ngozi imevutana na vidole viwili vimejikunja. Sisi tuliokulia bonde hili la Kilombero tunajua kovu la namna ile linatoka wapi. Linatoka kwenye mafiga. Mtoto alianguka, na alipoangukia palikuwa na moto.

Swali la mama yule ndilo mazungumzo yangu ya leo. Halikuwa swali la mjinga. Mabingwa wa nchi zilizoendelea wamelibishania miaka na miaka, na hata mabunge yamekaa vikao juu yake. Mimi sikumjibu pale pale, na leo nakuomba msikilizaji univumilie, maana jibu lake lina kona.

Nianze na lililo kweli. Bangi kama dawa ya mtoto si habari ya jana. Jina lenyewe la bangi limetufikia kwa njia ya bahari, kutoka kwa Wahindi, na huko huko India ndiko daktari mmoja, William O'Shaughnessy, aliyekuwa akifanya kazi Calcutta, alipoijaribu kwa wagonjwa wa namna nyingi. Mwaka 1843 aliandika habari za mtoto mchanga wa kike, umri wake siku 40, aliyekuwa akishikwa na degedege lisilokatika. Alimpa dawa iliyotengenezwa kwa bangi, tone kwa tone, akiwa anamwangalia, na mtoto akapona. Kwa hiyo miaka 180 iliyopita mzazi mmoja alishika tumaini lile lile alilolishika mama wa stendi.

Baadaye dawa hiyo ikasahauliwa, sheria zikaja, bangi ikawa jambo la polisi. Katika miaka ya 1963 na 1964, mwanasayansi wa Israeli, Raphael Mechoulam, na wenzake wakaupambanua mmea huu wakakuta ndani yake vitu vingi, na viwili kati ya hivyo ndivyo vinavyotuhusu jioni hii. Kimoja huitwa THC. Hicho ndicho kinacholewesha, kinachomfanya mvutaji acheke peke yake au aogope kivuli chake. Cha pili huitwa kanabidioli, nacho hakileweshi. Ni mmea mmoja, lakini vitu hivi viwili vina tabia tofauti kabisa. Ukilishika hili, umeshika nusu ya mazungumzo yangu.

Dunia ilishtuka mwaka 2013, pale televisheni za Marekani zilipomwonyesha mtoto Charlotte Figi wa jimbo la Colorado. Alikuwa na kifafa kikali cha kuzaliwa nacho kiitwacho Dravet. Alianza kuanguka akiwa na miezi mitatu, na kufikia umri wa miaka mitano alikuwa akishikwa mara 300 kwa wiki. Hebu fikiria mara 300. Hawezi kula, hawezi kusema, mama yake hathubutu kwenda hata msalani. Madaktari walikuwa wamemaliza dawa zote walizokuwa nazo. Ndipo wazazi wakampa mafuta ya aina ya bangi yenye kanabidioli nyingi na THC kidogo sana, na kuanguka kukashuka hadi mara mbili tatu kwa mwezi. Mtoto akaanza kutembea na kuzungumza. Alifariki Aprili 2020, ana miaka 13, lakini kabla ya hapo alikuwa amewafanya madaktari waache kupuuza na waanze kupima.

Nao walipima. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya watoto na vijana 120 wenye Dravet. Nusu walipewa kanabidioli safi juu ya dawa zao za kawaida, nusu wakapewa dawa bandia, na hakuna aliyejua nani kapewa nini. Waliopewa dawa ya kweli, kuanguka kwao kulishuka kutoka mara 12.4 kwa mwezi hadi mara 5.9. Wenzao walitoka 14.9 wakafika 14.1 tu. Walioacha kabisa kuanguka walikuwa watatu. Wengi walihara, walitapika, walilala ovyo, na wengine maini yao yalionyesha kusumbuka, hasa wale waliokuwa pia wakitumia dawa iitwayo valproeti. Juni 2018 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo, jina lake la dukani Epidiolex, kwa vifafa viwili vikali vya utotoni. Na Desemba 2, 2020, tume ya Umoja wa Mataifa inayosimamia dawa za kulevya ilipiga kura, 27 kwa 25, ikaitoa bangi kwenye kundi la vitu hatari kupita vyote.

Kwa hiyo mama, ndiyo, kuna kweli ndani yake. Aliyekuuzia kichupa hakuzua hadithi yote. Ameichukua kweli ya watu wengine akaimimina ndani ya chupa asiyoijua.

Maana kilichopimwa ni kitu safi, kilichochujwa kiwandani, kinachopimwa kwa uzito wa mtoto, asubuhi na jioni, na damu yake ikichunguzwa kuona hali ya ini. Kichupa cha stendi ni majani yaliyochemshwa kwenye mafuta ya kupikia. Bangi inayolimwa kwa kificho kwenye milima ya mkoa wetu hulimwa kwa ajili ya wavutaji, na mvutaji anatafuta ulevi. Inayolimwa kwa ajili ya ulevi ina THC kwa wingi. Ukimpa mtoto kijiko cha mafuta yale unampa kitu ambacho hakuna anayejua kipimo chake, hata aliyekipika. Atalala, ndiyo. Mama atafurahi kwamba kifafa kimetulia, kumbe mtoto amelewa. Nalisema hili bila kumcheka mtu. Kulala kwa mtoto aliyekuwa anatikisika usiku kucha ni faraja kubwa kwa mzazi, na faraja hiyo ndiyo anayoiuza yule bwana wa kichupa.

Sasa tuje nyumbani.

Mwaka 2013 jarida la kitabibu la Lancet Neurology lilichapisha utafiti mkubwa uliofanyika sehemu tano za Afrika: Kilifi kule Kenya, Iganga na Mayuge Uganda, Kintampo Ghana, Agincourt Afrika Kusini, na hapa kwetu Ifakara. Watu zaidi ya 586,000 waliulizwa nyumba kwa nyumba. Kilifi walikuta kifafa cha kuanguka kwa watu 7.8 katika kila 1000. Iganga 10.3. Ifakara 14.8. Katika sehemu zote tano, bonde letu ndilo lililoongoza. Tunajulikana kwa mpunga, tunajulikana kwa kituo cha utafiti kilichoifundisha dunia habari za mbu na vyandarua, na tunatakiwa tujulikane kwa hili pia, maana hatulitaji. Kila mtaa una mtoto ambaye hatumwi kisimani, hapelekwi harusini, na shule alikwisha kuachishwa.

Na ukivuka mto kwenda Mahenge, hali ni nzito zaidi. Huko ndiko alikofika daktari mwanamke kijana kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, akaanzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa waliofichwa, wanaokula kwenye chombo chao peke yao, kwa sababu watu waliamini povu la mgonjwa linaambukiza. Ukimwona ameanguka motoni, humgusi. Wengi walikuwa na makovu kama ya mtoto wa stendi. Akawaona pia watoto wenye jambo ambalo vitabu vya udaktari vya wakati ule havikuwa nalo: mtoto amekaa anakula, ghafla kichwa kinainama mara moja, mbili, tatu, kama anayesinzia. Leo madaktari wanaliita ugonjwa wa kutikisa kichwa, na wameukuta pia Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda.

Kwa nini huku kwetu? Sababu si moja. Kuna usubi, wale inzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi, wanaoacha minyoo mwilini. Utafiti baada ya utafiti umekuta kifafa kingi pale penye usubi mwingi. Kuna tegu wa nguruwe, ambaye mayai yake yakiingia kwa mtu kwa njia ya uchafu huweza kufika ubongoni. Kuna malaria kali ya utotoni. Kuna uzazi mgumu, mama amekaa na uchungu siku mbili nyumbani na mtoto akazaliwa amechoka, hakulia. Angalia vizuri orodha hiyo. Charlotte wa Colorado alikuwa na kifafa cha kuzaliwa nacho, cha nadra, sugu kwa dawa. Watoto wetu wengi kifafa chao kimetokana na mambo yanayoweza kuzuiwa, na kikishatokea, wengi hutulizwa na dawa ya kawaida.

Dawa hiyo ya kawaida ndiyo Jilek-Aall aliyoitumia Mahenge. Ni fenobabitoni, kidonge cheupe kidogo ambacho Mjerumani Alfred Hauptmann aligundua mwaka 1912 kwamba kinatuliza kifafa. Dawa ya zaidi ya miaka mia. Ina kasoro zake: humfanya mtoto azubae, wengine huwa wakorofi, na ukiikatisha ghafla kifafa hurudi kwa hasira. Lakini inafanya kazi. Mwaka 1992 Jilek-Aall na daktari mwenzake Rwiza walitoa hesabu ya wagonjwa 164 wa kliniki ya Mahenge waliofuatiliwa kwa miaka 30. Walipokuwa wanameza dawa bila kukosa, zaidi ya nusu waliacha kabisa kuanguka, na wengi wa waliobaki walipungua. Hesabu hiyo hiyo ina ukurasa wa huzuni: wengi walikuja kufa, na kati ya vifo hivyo viko vya moto, vya maji, na vya kifafa cha mfululizo kisichokatika.

Sasa sikiliza bei. Shirika la Afya Duniani linasema dawa ya kifafa inaweza kugharimu dola 5 tu kwa mwaka, na kwamba wagonjwa hadi 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Dola 5 ni kama shilingi 13,000. Kichupa cha mama kilikuwa 40,000, yaani vidonge vya miaka mitatu. Ile Epidiolex ya kiwandani, ilipoingia sokoni Marekani, bei yake ilitajwa kuwa dola 32,500 kwa mgonjwa kwa mwaka. Nilikaa na kalamu nikagawanya. Fedha ya kumtibu mtoto mmoja kwa mwaka mmoja ingewanunulia watoto 6,500 fenobabitoni.

Narudi kibarazani. Nilimuuliza mama: mtoto amewahi kutumia dawa ya hospitali? Akasema ndiyo. Alianzishiwa vidonge akiwa na miaka sita. "Vilimsaidia?" Akanyamaza kidogo. "Vilimsaidia. Alikaa miezi minane hajaanguka. Akarudi shule." Sasa ikawaje? Akaeleza taratibu, kama mtu anayejishtaki. Mvua zilipoanza njia ikakatika, nauli ya bodaboda ikapanda mara mbili. Alipofanikiwa kufika kituoni akaambiwa vidonge vimeisha, arudi wiki ijayo. Alirudi, hakuna. Akaambiwa akanunue dukani. Maduka mawili hawakuwa navyo, la tatu wakamuuzia vya siku kumi. Siku ya kumi na tatu mtoto akaanguka jikoni.

Kisha akasema sentensi ambayo sijaisahau: "Ndipo nikajua zile dawa zimeshindwa."

Ndugu msikilizaji, dawa zile hazikushindwa. Zilikosekana. Kwa mama aliyebaki na mtoto ameungua mkono, maneno hayo mawili yanafanana, maana matokeo yake ni kovu lile lile. Lakini kwetu sisi, kwa wanaopanga bajeti, kwa wanaoagiza dawa na wanaozisambaza, yana umbali mkubwa. Madaktari husema kifafa ni sugu pale ambapo dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, zilizomezwa kwa kipimo sahihi bila kukosa, zimeshindwa kukituliza. Mafuta ya kanabidioli yalitafutwa kwa ajili ya watoto wa namna hiyo. Mtoto wa stendi hajapewa hata dawa moja kwa mwaka mzima mfululizo. Hatuna haki ya kumwita sugu.

Na kuna jambo linaloniuma ambalo wengi hawalijui. Fenobabitoni nayo iko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa kimataifa, chini ya mkataba wa mwaka 1971, kwa sababu watu wangeweza kuitumia vibaya. Vibali, makabati ya kufuli, madaftari ya kujaza. Kwa hiyo kidonge cha mtoto wetu na jani la mvuta bangi vyote viwili vinapita kwenye lango linalolindwa kwa hofu ya walevi. Sisemi lango livunjwe. Nasema mlinzi wa lango ajue kwamba kati ya wanaosubiri nje yumo mtoto wa miaka minane mwenye vidole vilivyojikunja.

Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya ni kali. Mwenye kulima bangi anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30. Majirani wamefungua milango kidogo: Malawi ilitunga sheria yake mwaka 2020, Rwanda mwaka huo huo ikaruhusu kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje. Zingatia hayo maneno, kuuza nje. Mkulima wa Afrika analima, mtoto wa Ulaya anakunywa. Maoni yangu, na nayasema nikijua wako watakaochukia, ni kwamba nchi yetu iwape madaktari bingwa wa hospitali kubwa njia halali ya kuagiza kanabidioli iliyochujwa kwa wale watoto wachache ambao kweli dawa mbili zimeshindwa. Watoto hao wapo hata hapa. Mama zao hawastahili kuwa wateja wa mtu wa stendi, wala kutembea na kosa la jinai ndani ya fundo la khanga. Lakini mtu akiniambia nichague kimoja cha kufanywa kesho asubuhi, nachagua kidonge cheupe kisikauke katika zahanati yoyote kuanzia Mlimba hadi Mahenge, masika na kiangazi. Daraja la mto Kilombero tulilipata mwaka 2018, kivuko kikawa hadithi. Mzigo wa vidonge vya kifafa kwa wilaya nzima hauzidi maboksi machache.

Siku ile, kabla ya kuachana na mama, tulimwaga yale mafuta mtaroni, mvua ikayachukua. Nilimwona mama akiyasindikiza kwa macho. 40,000 ni mpunga ambao hataupata tena msimu ule. Siku iliyofuata tulimpeleka mtoto hospitalini. Daktari alimpima uzito, akauliza tarehe za kuanguka moja moja, akaanza tena na kipimo kidogo, kidonge kimoja na nusu usiku. Akamwonya mama mara mbili: usikatishe, hata akipona usikatishe mpaka nikwambie. Mama nusu anaikata kwa wembe juu ya sinia la kuchagulia mchele, ili ule unga unaomeguka usipotee. Alinionyesha. Anaukusanya kwa ncha ya kidole kilicholoweshwa, anampaka mtoto ulimini.

Tangu hapo ananitumia ujumbe wa sauti kila baada ya siku chache. Wa juzi ulikuwa mfupi, nyuma yake kuku wanalia na mtoto anahesabu kitu kwa sauti. "Kaka, shikamoo. Hajaanguka, leo siku ya 24. Vidonge vimebaki tisa. Wamesema Jumatatu vitakuwepo."